Kompyuta imegoma kuwaka baada ya kuovakloki prosesa? Usikimbilie dukani, anza na hivi

Juzi saa tatu usiku kijana mmoja anayeedit vidio za harusi aliniletea mashine yake kwa bodaboda, kesi nzima kaikumbatia mbele, jasho linamtoka. "Shikamoo kaka." Nikamwambia marahaba mdogo wangu, imekuwaje tena? "Kaka nimeiua prosesa. Nimeovakloki mara moja tu, haijawaka tena." Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa au ramu ikimbie kupita spidi yake ya kiwandani. Vidio ya watu ilikuwa inatakiwa baada ya siku mbili na hela ya prosesa nyingine hana.

Prosesa haikuwa imekufa, na saa nne kasoro mashine ilikuwa inawaka. Naandika hii kwa sababu inaniuma kuona watu wananunua prosesa, wanabadilisha bodi, wengine wanauziwa pawa saplai mpya kabisa, kumbe shida ni namba mbili tatu walizoandika wao wenyewe ndani ya biosi (programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows) na zinafutika bila kulipa hata mia.

Elewa kwanza kinachotokea maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Ukibadilisha spidi na volti kwenye biosi ukaseva, zile namba zinakaa kwenye bodi, hazikai kwenye prosesa wala kwenye diski. Ndo maana ukichomoa diski au ukipiga Windows upya haikusaidii kitu. Kila ukibonyeza pawa bodi inasoma namba zilezile mbaya, inaipa prosesa au ramu (memori), vinashindwa, kioo kinabaki cheusi, unazima unawasha, inasoma tena zilezile. Kwa iyo kazi ya kwanza ni kuifanya bodi isahau. Mengine yote yanafuata baadae.

Ila kabla hujafungua kesi, angalia inakwama wapi, chukua dakika mbili tu. Haiwaki kabisa, hata feni haitikisiki? Au feni zinazunguka, taa zinawaka ila kioo hakina picha? Au unaona logo ya bodi alafu inaganda? Au inafika mpaka Windows ndo inakupiga blu skrini? Hizi ni shida nne tofauti na dawa zake sio moja. Mtu akinipigia simu akaniambia "haiwaki" huwa namuuliza hayo kwanza, nusu ya kazi inaisha palepale.

Bodi nyingi za miaka hii zina taa nne ndogo pembeni zimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (grafiki) na BOOT (diski ya kuwashia). Ukiwasha zinapita moja moja, ile inayobaki inawaka ndo bodi ilipokwama. Ya huyu kijana ilibaki kwenye DRAM, yaani ramu. Nikamuuliza uligusa nini? Akasema prosesa tu, Ryzen 5 2600, kaipeleka 4.1 GHz kwa volti 1.35. Nikamuuliza na ramu je? Akafikiria, akasema eeh na ramu nayo nilitoa spidi ya 2933 nikaweka 3400 kuna mtu alisema itapeleka kazi mbio zaidi. Unaona hapo. Alikuwa anailaumu prosesa na prosesa haina kosa, ramu ndo ilikuwa imegoma. 2600 rasmi inaahidi ramu ya 2933, juu ya hapo ni bahati yako na bodi yako, 3200 wengi inakubali, 3400 kwa ramu za kawaida ni kutafuta usumbufu.

Haya, tuisahaulishe bodi. Kwanza kabisa kama mashine inajizima na kujiwasha yenyewe mara mbili tatu, usiiguse. Iache hata dakika tano. Bodi nyingi zikishindwa kuwaka mara kadhaa zinarudi zenyewe kwenye setingi za kiwandani alafu zinakuandikia kwenye kioo kwamba ovakloki imefeli bonyeza F1. Mtu mwenye haraka anachomoa waya katikati ya hilo zoezi, anaanza upya kila mara. Na kama una mashine mpya za AMD soketi AM5 na ramu za DDR5 ndo uwe mvumilivu zaidi, ile mara ya kwanza baada ya kufuta setingi bodi inajifunza ramu upya na kioo kinaweza kukaa cheusi dakika kadhaa, sio ugonjwa ule.

Kama haijirudishi yenyewe, fungua kesi. Zima swichi ya pawa saplai kwa nyuma, chomoa waya ukutani, alafu bonyeza kile kitufe cha kuwashia ukishikilie sekunde kumi ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Hatua hiyo wengi wanairuka, wanatoa betri wanarudisha setingi ziko palepale wanaanza kusema hii njia haifanyi kazi. Gusa chuma cha kesi kwanza mkono wako utoe umeme tuli, alafu tafuta betri ya duara bapa imeandikwa CR2032. Mara nyingi imefichwa chini ya kadi ya grafiki, kwa hiyo toa kadi kwanza, na kadi ina kikufuli kidogo kwenye mwisho wa sloti, kibonyeze kwanza usije ukavuta kwa nguvu ukang'oa sloti. Pembeni ya betri kuna kikono kidogo cha chuma, kisukume nje kwa kucha au bisibisi ndogo, betri inanyanyuka yenyewe. Itoe, kaa dakika kumi, nenda kanywe maji. Ukirudisha upande wenye alama ya kujumlisha unaangalia juu kwako.

Njia ya haraka zaidi ni jampa. Ni pini mbili au tatu kwenye bodi, ASUS huandika CLRTC, MSI huandika JBAT1, Gigabyte CLR_CMOS, ASRock CLRMOS1. Kama ni pini mbili, waya wa umeme ukiwa umechomolewa zigusanishe na ncha ya bisibisi ya chuma sekunde kumi basi. Kama ni tatu, kile kikofia kihamishe kutoka pini 1-2 kwenda 2-3, subiri, alafu KIRUDISHE kabla ya kuwasha. Bodi za bei kubwa zina kitufe kabisa nyuma kwenye matundu ya USB, hapo hufungui kitu.

Betri yenyewe ipime ukiwa na mita, inatakiwa isome karibu volti 3. Kama mashine ina miaka mitano na saa yake inarudi nyuma kila ukizima, badilisha tu, hata mafundi saa wanazo.

Sasa washa. Kama imekuletea picha, shukuru Mungu, ingia biosi na USIPAKIE ile profaili uliyoiseva. Hili nimeliona mara nyingi, zile profaili za ovakloki kwenye bodi nyingi zinakaa kwenye chipu nyingine na kutoa betri hakuzifuti, mtu anafurahi mashine imewaka anapakia "OC1" yake anarudi kwenye kioo cheusi.

Na usishtuke ukikuta mambo mengine yamebadilika maana umefuta kila kitu sio ovakloki peke yake. Saa na tarehe zimerudi nyuma, na tarehe ikiwa mbaya brauza itakataa kufungua tovuti itakwambia muunganisho sio salama, rekebisha saa tu. Kama ulikuwa unatumia emuleta za Android au mashine pepe, ile setingi inayoziruhusu, SVM kwa AMD, huwa imezimika, iwashe. Kama Windows inakwambia INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, angalia setingi ya namna bodi inavyoongea na diski, pengine ilikuwa RAID na sasa imerudi AHCI au kinyume chake, irudishe ilivyokuwa. Kama inasema haioni diski ya kubuti kabisa, angalia CSM, setingi inayoruhusu kubuti kwa mfumo wa zamani, Windows iliyopigwa kwa mfumo wa zamani haitabuti CSM ikiwa imezimwa. Na kama diski imefungwa na BitLocker (kufuli la Windows) inaweza kukuomba ile namba ndefu ya tarakimu 48, iko kwenye akaunti yako ya Microsoft kama uliingia nayo, kwa hiyo ukiweza itafute kabla hujagusa betri.

Imefutwa na bado kioo cheusi? Hapo sasa punguza vitu. Toa ramu zote bakiza moja, ichomeke kwenye sloti ya pili kutoka kwenye prosesa, kwenye bodi za sloti nne ndo inayopendekezwa mara nyingi. Isukume mpaka usikie klik. Sugua zile dhahabu za ramu taratibu na kifutio cha penseli, pangusa vumbi lake, jaribu tena. Ikigoma jaribu ramu ya pili peke yake. Chomoa diski zote, USB zote isipokuwa kibodi. Angalia ule waya wa umeme wa prosesa, ule wa pini nane juu kabisa kushoto, sio wa pini 24, watu wakifungua kesi wanaulegeza bila kujua, na bila huo feni zinazunguka vizuri tu lakini prosesa haina umeme.

Na hili la kioo naomba ulishike. Ryzen 5 2600 haina grafiki ndani yake, ukitoa kadi ya grafiki ukachomeka HDMI kwenye bodi hautaona kitu hata mashine ikiwa nzima kabisa. Nimeshaona mtu kakesha siku mbili kwa hilo. Prosesa za AMD zenye G mwishoni ndo zina grafiki kwenye familia hiyo, na za Intel zenye F ndo hazina.

Mashine ikiwaka sekunde tatu nne ikazima, wazia joto. Angalia feni ya prosesa imechomekwa pale palipoandikwa CPU_FAN, hitisinki (kile chuma cha kupozea prosesa) imekaa sawa haijalala upande mmoja, na kama ni mpya ile plastiki ya chini umeitoa. Ukitaka kuinyanyua hitisinki kwenye soketi ya AM4 tafadhali usiivute mashine ikiwa ya baridi. Pesti, ile krimu inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki, ikikauka inashika kama gundi na prosesa inachomoka nayo kwenye soketi, pini zinapinda, na hapo ndo umepata hasara ya kweli. Kama mashine bado inawaka iache ifanye kazi nzito dakika kumi ipate joto, zima, chomoa waya, alafu izungushe hitisinki kushoto kulia taratibu mpaka ilegee yenyewe ndo unyanyue.

Tuje kwa wale ambao mashine inawaka vizuri ila Windows ndo inaanguka. Hapo usitoe betri, biosi unaingia vizuri, nenda kwenye Load Optimized Defaults basi umemaliza. Shida ni kama uliovakloki kwa programu ndani ya Windows, kama Ryzen Master au XTU ya Intel, na imejiweka iwe inapakia kila ikiwaka. Izime kwa kitufe mara tatu mfululizo pale alama ya Windows inapozunguka, mara inayofuata itakupeleka yenyewe kwenye ukurasa wa kurekebisha. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, bonyeza Restart, alafu namba 4 inakupeleka Safe Mode, futa ile programu hukohuko.

Soma na jina la blu skrini, piga picha na simu. WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR na CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT mara nyingi ni prosesa inalia njaa ya volti kwa spidi uliyoipa. MEMORY_MANAGEMENT na IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, kama majina yanabadilikabadilika kila ikianguka, mimi huwa naanza na ramu. Na ramu mbovu ina ubaya mmoja, inaharibu mafaili kimyakimya, kwa hiyo hata ukirudisha setingi za kawaida Windows inaweza kuendelea kuanguka kwa sababu imeshaandika uchafu kwenye diski. Fungua Command Prompt kama msimamizi, piga DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikiisha piga sfc /scannow, alafu chkdsk C: /f. Kama bado, hamisha mafaili yako piga Windows upya, na usiipige kabla hujahakikisha ramu iko sawa maana utapiga Windows mbovu juu ya mbovu. Weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, buti nayo, acha imalize mizunguko yake yote 4 usiku kucha. Kosa hata moja ni kosa, usijiambie moja sio mbaya.

Kuna ile nyingine inasumbua kweli: mashine ukiiristati inawaka fresh, ila asubuhi ikiwa imelala imezimwa usiku kucha inagoma mara mbili tatu ndo inakubali. Hiyo kwangu karibu kila mara ni ramu inayoendeshwa ukingoni. Shusha hatua moja, 3200 iende 3000 au 2933, na kama una ramu nne badala ya mbili ndo kabisa usitegemee zifike mbali, nne zinaitesa prosesa kuliko mbili.

Sasa kurudi juu. Sikukatazi kuovakloki, mimi mwenyewe napenda, ila kitu kimoja kwa wakati mmoja. Huyu kijana aligusa prosesa na ramu kwa pamoja akaseva mara moja, ikigoma atajuaje ni nani? Nilimkalisha pembeni yangu tukaanza. Ramu tukaiweka 2933 tukaiacha. Volti ya prosesa nikaiweka 1.3, sio Auto, maana baadhi ya bodi ukiziachia Auto ukapandisha spidi zinamimina volti nyingi kuliko inavyohitajika. Spidi 3.8, tukawasha, Cinebench (programu ya kuikamua prosesa) dakika kumi, HWiNFO iko wazi pembeni tunaangalia joto. Ikapita. 3.9, ikapita. 4.0, ikapita, joto nyuzi 82. Nikamwambia simama hapo. Alitaka 4.1 yake, tukajaribu kwa 1.3 ikaganda katikati ya jaribio, kwa 1.35 ikapita lakini joto likapanda mpaka 91 na feni inapiga kelele kama ya mashine ya kusaga.

Nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi. Joto la prosesa linafuata spidi, lakini volti linaifuata mara mbili, yaani volti unaizidisha kwa yenyewe. Ukitoka 1.2 kwenda 1.35 tayari ni karibu asilimia 27 zaidi, ukijumlisha na spidi kutoka 3.7 ya kawaida kwenda 4.1 unapata joto la karibu asilimia 40 zaidi, kwa spidi iliyoongezeka asilimia 11 tu. Na feni aliyonayo ni ile ndogo iliyokuja kwenye boksi, na chumba chake hakina AC, na bado hatujafika mwezi wa pili Dar ikichemka. Kwa feni ile mimi sivuki 1.35 hata siku moja, na hata hiyo naiona nyingi. Angalia na bodi yako kama zile chipu za umeme zilizozunguka prosesa zina chuma cha kupozea juu yake, bodi nyingi za bei ya chini hazina, prosesa inaweza kuwa na nyuzi 75 huku zile chipu zinaungua, ukizisogelea kwa mkono unalisikia lile joto.

Baada ya Cinebench usiseme imekaa. Iweke programu ya majaribio mazito, OCCT au Prime95, saa nzima, alafu fanya kazi yako halisi, kama ni kurenda renda vidio ndefu. Mimi huwa naangalia na Event Viewer (daftari la matukio la Windows), nikikuta WHEA-Logger, inayorekodi makosa ya vifaa, imeandika maonyo hata kama mashine haijaanguka, nashusha 50 MHz. Na umeme wa kwetu unaujua, ukiwa kwenye haya majaribio au unasasisha biosi weka UPS, umeme ukikatika katikati ya kusasisha biosi hiyo sio ya kutoa betri tena, hapo utatafuta bodi yenye kitufe cha Flashback (kinachoandika biosi upya kutoka kwenye flashi) au fundi wa kuandika chipu upya.

Hii yote ni kwa deskitopu zinazoruhusu. Kwa AMD bodi za A320 haziovakloki, B450 na X470 ndio. Kwa Intel unahitaji prosesa yenye K mwishoni na bodi ya Z. Zile kompyuta za ofisi za mitumba, sanasana za Dell na HP, usipoteze usiku wako, zimefungwa, na laptop nyingi hivohivo.

Prosesa ni mbovu lini basi? Ukishafuta setingi, ukabakiza ramu moja ambayo umeijaribu kwenye mashine nyingine, umejaribu saplai nyingine, taa bado inabaki CPU, na ukiipeleka prosesa hiyohiyo kwenye bodi nyingine inayoikubali nako ikagoma. Hapo ndo useme. Kabla ya hapo usimlipe mtu.

Na kama mashine yako ilikuwa inakaa 4.1 vizuri mwaka mzima na sasa imeanza kuanguka bila kugusa kitu, safisha vumbi na ubadilishe pesti kwanza. Ikiendelea, prosesa imechoka kidogo, volti na joto vinazila taratibu. Usiongeze volti kuilazimisha, itachoka haraka zaidi, shusha 100 MHz uendelee na kazi zako. Yule kijana aliondoka na 4.0 kwa 1.3 na ramu 2933, namba zote tumeziandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye selotepu ya karatasi tukaibandika ndani ya mlango wa kesi, na chini yake nimemwandikia ile betri iko wapi.